Fundi Anajibu: MT-07 au Z650 kwa barabara ya Moshi na Arusha?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za pikipiki kubwa. Ndugu zangu wa bodaboda mnisamehe, swali lenu la kabureta ya Boxer nimelisogeza toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 31, familia yangu iko Pasua, Moshi, na kazi yangu iko Arusha, Mianzini. Siku za kazi nalala Arusha, Ijumaa jioni narudi nyumbani. Naendesha Boxer 150 na nimechoka kusukumwa pembeni na Coaster. Nimeweka akiba niagize pikipiki ya maana, iliyotumika, kutoka Japani. Nimebakiwa na mbili ambazo siwezi kuamua: Yamaha MT-07 na Kawasaki Z650, zote za 2018. Kijiweni wamegawanyika hadi tunagombana. Jumapili humpakia mke wangu twende Kibosho kwa wazazi. Nichukue ipi? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo mbili ndizo ningekutajia hata kama ungeniuliza bila majina. Zote ni za silinda mbili zilizopangwa sambamba, zote zinapozwa kwa maji, zote zina gia sita na tairi za inchi 17, na zote hazivai makava ya plastiki ya kukinga upepo. Ndiyo maana kijiweni hamwelewani: mnagombea vitu vidogo.

Hesabu za kitabuni tuzimalize haraka. MT-07 ya mwaka huo ina cc 689, nguvu ya farasi wanaokaribia 75, na uzito wa kilo 182 ikiwa na mafuta na oili ndani. Z650 ina cc 649, farasi 68, kilo 187. Kwa hiyo Yamaha inaongoza kwa farasi saba. Haya, niambie, kati ya Kwa Sadala na Kikatiti utawafungulia wapi hao farasi saba? Kila penye nyumba tatu na duka kuna kibao cha 50, na nyuma ya mti wa tatu kuna trafiki na tochi yake. Pikipiki zote mbili zinapita 50 zikiwa gia ya kwanza, kabla hazijaamka vizuri. Isitoshe, farasi wa kitabuni wamehesabiwa usawa wa bahari. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu, hewa ni nyepesi, na injini yoyote isiyo na tabo huacha njiani takriban sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Zinapoteza sawa zote. Uzuri ni kwamba mafuta yanapimwa na kompyuta, kwa hiyo ile kazi ya kubadili jeti za kabureta ukihama kutoka Tanga kuja huku imekwisha.

Tofauti ya kweli iko kwenye krenki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na hapo ndipo nataka usimame kidogo.

Kwenye Z650, pistoni moja ikiwa juu, mwenzake yuko chini kabisa: nyuzi 180. Mizunguko ikiwa michache inakwenda kwa utulivu, na ikipita mizunguko 5,000 kwa dakika inachangamka, huku unaanza kuhisi mtetemo mdogo viganjani na kwenye pedali za miguu. Kwenye MT-07 krenki imekatwa nyuzi 270. Moto unapigwa kwa mapigo yasiyolingana, moja la karibu na moja la mbali, vilevile inavyopiga injini ya V ya nyuzi 90. Matokeo yake unayasikia kwenye tairi la nyuma. Uko gia ya nne, mizunguko 3,000, nyuma ya lori lenye tela linalopanda polepole kuelekea Usa River. Nafasi ikipatikana unavuta mafuta kidogo tu, hushushi gia, na lori liko nyuma yako. Na Z650 utalipita lori hilohilo, ila utashusha gia moja kwanza. Nimeziendesha zote mbili, za wateja, na sifichi kwamba injini ya Yamaha ndiyo inayonifanya nizunguke njia ndefu kurudisha pikipiki ya mtu.

Lakini hununui injini peke yake. Unanunua na shokapu, na wewe una mke na matuta.

MT-07 zilizotoka 2014 hadi 2017 zilikuja na shokapu laini mno. Ukiwa peke yako na una kilo 65 utazisifu. Mpakie mtu nyuma, weka na mkungu wa ndizi kutoka Kibosho, uone nyuma inavyobonyea kama godoro la gesti. Mwaka 2018 Yamaha walikaza springi za mbele na za nyuma, kwa hiyo wewe umeangukia upande mzuri. Hata hivyo, siku ya kumpakia mama watoto chukua ile spana ya ndoano, ukaze springi ya nyuma ngazi kadhaa, kisha ulegeze Jumatatu ukiwa peke yako. Kazi hiyo haimalizi dakika tano na karibu hakuna anayeifanya. Z650 nayo si ya kifahari, ila kwa watu wawili mimi naiona inatulia kidogo kuliko MT-07 za mwanzo.

Kuhusu matuta: ekzosi za zote mbili zimekunjwa chini ya injini, kwa hiyo kinachokwaruza tuta ni ekzosi. Kitabu kinasema tumbo la MT-07 liko milimita 140 kutoka ardhini, la Z650 milimita 130. Sentimita moja unaweza kuidharau ukiwa mezani. Kwenye yale matuta yaliyojengwa na wanakijiji wenyewe baada ya ajali, huidharau. Pita kwa mshazari, achia breki ya mbele kabla hujapanda tuta, na usipite ukiwa umekanyaga breki ya nyuma, maana shokapu zinakuwa zimeshabonyea nusu kabla hata hujafika.

Mafuta yasikusumbue. Kila moja hula lita nne na kidogo kwa kilomita 100. Kwenda na kurudi Moshi ni kilomita 160 hivi, tuseme lita saba. Ni karibu mara mbili ya Boxer yako, hilo ulijue mapema. Tangi la Yamaha ni lita 14, la Kawasaki 15. Jaza kituoni tu. Petroli ya chupa ya Fanta pembeni ya barabara Boxer inaisamehe, sindano za mafuta za hizi haziisamehi.

Spea. Huyo wa kijiweni anayesema Kawasaki haina spea mwambie akae. Injini hiyo inatoka kwenye ukoo wa ER-6n, na ndiyo iko kwenye Ninja 650 na Versys 650. Ya Yamaha nayo iko kwenye XSR700, Tracer 700 na Ténéré 700. Vitu vya ndani vinapatikana kwa kuagiza, kwa zote. Kitakachokugharimu ni vinavyolika: tairi la nyuma la MT-07 ni 180/55, la Z650 ni 160/60, jembamba na kwa kawaida la bei nafuu zaidi. Cheni ya MT-07 ni namba 525, ya Z650 ni 520, na zote mbili usizioshe kwa petroli wala brashi ya waya, kwa sababu zina vipete vya mpira vinavyotunza grisi ndani. Ukiviua hivyo, cheni imekufa hata kama inang'aa.

Sasa neno langu. Wewe, kwa njia yako, chukua MT-07 ya 2018. Usishawishike na ya 2014 kwa sababu eti imepungua bei, kwani utarudisha ile tofauti kwenye shokapu, na za miaka ya mwanzo zipo zisizo na ABS, ule mtambo unaozuia tairi lisigande ukikamata breki ghafla. Ikitokea umebaki na MT-07 isiyo na ABS upande huu na Z650 yenye ABS upande ule, chukua Z650 bila kunipigia simu. Masika ikinyesha pale Kikatiti, udongo unaoburutwa na matairi ya malori hadi kwenye lami huwa utelezi mtupu.

Mambo mawili kabla hujalipa. Angalia leseni yako: daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, hapa unahitaji A. Na mkalishe mke wako kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki ya aina hiyo, popote utakapoipata, robo saa nzima. Viti vya nyuma vya zote mbili ni vya kusaidia tu. Akinyamaza njia nzima hadi Kibosho usidhani amefurahia mandhari, anakusubiri mfike.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Njiro, urefu wangu ni sentimita 158. Nimeendesha pikipiki ya cc 200 ya shirika nililokuwa nafanyia kazi vijijini, kwa hiyo si mgeni. Nataka Z650. Shemeji yangu anasema pikipiki ya kilo 187 si ya mwanamke, nitafute skuta. Ukweli ni upi? – Dada wa Njiro

JIBU: Dada yangu, kilo 187 si za mwanamke wala za mwanamume. Hakuna anayeibeba mgongoni. Ukishaondoka kwa kasi ya mtu anayetembea, uzito umekwisha. Unarudi pale unaposimama, unapogeuza na unapoegesha, na hapo kinachopima si misuli ya shemeji, ni urefu wa mguu wako kwa ndani.

Kiti cha Z650 kiko milimita 790 kutoka ardhini, cha MT-07 milimita 805. Kwa urefu wako, sentimita moja na nusu ndiyo tofauti ya kukanyaga kwa mpira wa mguu na kukanyaga kwa ncha za vidole. Jipime nyumbani: simama ukutani na viatu vyako vya kuendeshea, bana kitabu kigumu katikati ya miguu mpaka juu, weka alama ukutani, kisha upime kutoka alama hadi sakafuni. Ukipata sentimita 70 na zaidi, Z650 utaimudu. Usitegemee kukanyaga miguu yote miwili. Sogea kidogo kitini, mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye breki ya nyuma, basi. Hivyo ndivyo ulivyoendesha ile ya cc 200, maana nyingi za vijijini zina viti virefu kuliko hivi.

Klachi ya Z650 ni nyepesi, ina mtambo unaoisaidia, na kwenye foleni ya vifodi kuanzia Kijenge kwenda mjini utalishukuru hilo kabla ya kitu kingine chochote. Ukishusha gia kwa haraka, mtambo huohuo unalizuia tairi la nyuma lisirukeruke.

Kitakachokuangusha ni maegesho. Usiingize pikipiki kichwa chini kwenye mteremko, maana kuivuta kinyumenyume kupanda ni kazi ya watu wawili hata kwangu. Ingia kinyume, uso ukitazama unakotokea. Ukisimama barabarani tazama ardhi kwanza, usisimamishe mguu mahali palipobonyea ukingoni mwa lami, kwa sababu mguu utakosa chini na pikipiki italala taratibu mbele za watu. Funga vikinga injini kabla hujaanza kuitumia, si baada.

Skuta mwachie shemeji.

SWALI: Fundi, kuna MT-07 inauzwa hapa mjini. Muuzaji anasema imetembea kilomita 9,000 tu, na bei inavutia kuliko kawaida. Nitajuaje kama ni kweli? – Msomaji, Sakina

JIBU: Bei inayovutia kuliko kawaida ina sababu yake, na kazi yako ni kuipata kabla ya kutoa pesa.

Nenda asubuhi bila kumpigia simu ya "niko njiani". Shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, amekuwashia mapema, na sababu anayo. Mwambie mtakunywa chai kwanza.

Kilomita za dashibodi zinadanganyika, vitu vingine havidanganyiki kirahisi. Tairi lina namba nne kwenye ubavu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki ya 2018 yenye kilomita 9,000 inaweza bado kuwa na tairi zake za kwanza au ndiyo zimebadilishwa mara moja. Ukikuta zimetengenezwa mwaka jana na zimeshalika nusu, fanya hesabu. Tazama mipira ya pedali za miguu, vishikio vya mikono, na meno ya sproketi ya nyuma: yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, hiyo imetembea. Pitisha kidole kwenye diski ya breki. Ukiguswa na ukingo uliosimama nje, breki hizo zimekamata sana.

Kuanguka kunajificha vibaya. Geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, uangalie kile kizuizi kidogo cha chuma kwenye fremu. Kikiwa kimepondeka au kimepakwa rangi mpya, pikipiki iliwahi kugonga kwa mbele. Nyanyua mbele, zungusha usukani polepole. Ukikwama katikati kana kwamba una kijishimo, beringi za shingo zimekwisha, na hiyo ni kazi ya matuta yetu. Futa bomba za shokapu za mbele kwa kitambaa cheupe, bonyeza mara kadhaa, futa tena. Oili ikionekana, oilisili zimekwenda.

Kisha karatasi, na hapa wengi hawajui. Linganisha namba ya fremu na kadi, hilo ni la kawaida. Lakini soma na cc. Ikiandikwa 655 badala ya 689, hiyo ni MT-07 iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Australia na New Zealand, imepunguzwa nguvu kwa sheria zao. Si mbovu, ila bei yake isilingane na ya 689. Za Ulaya nazo zipo zilizofungwa zisizidi kilowati 35, farasi 48 hivi, kwa leseni za vijana wa kule. Hizo karatasi inaweza kusema 689 na wewe ukashangaa mbona haivuti.

Mwisho, uliza ufunguo mwekundu. Yamaha zenye kufuli ya kielektroniki huja na ufunguo mmoja mwekundu wa kusajilia funguo nyingine. Muuzaji akikwambia umepotea, punguza bei hapohapo, kwa sababu siku ukipoteza ule mweusi wa kila siku unaweza kujikuta unanunua kompyuta nzima.

Na ukishainunua: kitabu kinasema ubadili oili kila kilomita 10,000. Kitabu kiliandikwa mahali pasipo na vumbi la Kisongo. Badili kila 5,000, oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, si ya gari, maana klachi inaogelea humohumo na ya gari inaitelezesha. Funga wavu mbele ya rejeta, mawe yanayorushwa na tairi la mbele yanaenda moja kwa moja kule. Ndani ya rejeta weka kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Maji yetu ya Meru na floridi yake yameshatupaka meno rangi, usiyape na injini.

SWALI: Ndugu fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Longido. Kutoka lami ya Namanga hadi nyumbani kwangu ni kilomita 18 za vumbi na mawe, na korongo moja la mchanga. Mwanangu anataka kuniletea moja ya hizo mnazozisifu, MT-07 au Z650. Ipi itanifaa? – Mwalimu, Longido

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hakuna.

Tairi zake ni za lami, ekzosi iko tumboni, na ABS yake haizimiki, kwa hiyo kwenye kokoto ukiteremka korongoni utashika breki nayo itakuwa inaachia. Mwambie kijana, kama anaipenda sana injini ya MT-07, Ténéré 700 inayo hiyohiyo, ina tairi la mbele la inchi 21 na nafasi ya milimita 240 chini ya tumbo. Lakini kiti chake kiko milimita 875, na mimi na wewe magoti yetu tunayajua. Akitaka kukutunza kweli, akutafutie pikipiki ya cc 200 au 250 ya njia za vumbi, yenye rimu za spoku, ambayo fundi yeyote wa Longido mjini ataifungua bila kompyuta. Chenji itakayobaki inatosha mitamba.